Mududu Mukubwa Mwenye Mabawa Mekundu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watu waliongojea kliniki, pamoja na wanafunzi wauguzi)

Leo sitasema juu ya malaria wala juu ya kuhara. Najua munangojea kuitwa ndani, kadi ziko mikononi, na wengine walitoka nyumbani kungali giza. Basi sikilizeni wakati munapongojea. Neno la leo ni juu ya mududu.

Mwezi uliopita, saa nne ya asubui, nilikuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi. Musichana mumoja wa mwaka wa kwanza akaja mbio mpaka mulangoni. "Mama mwalimu, njoo uone! Kuko mududu, haiko nyuki, haiko nyigu, iko mukubwa kama kidole, na inavuta kitu!" Nikatoka. Wanafunzi zaidi ya kumi walisimama kwa duara katika kiwanja, karibu na kamba ya kuanika nguo. Mumoja alishika fagio. Mwingine alikuwa amekwisha kuvua kiatu.

Katikati yao nikamwona. Mwili mweusi kabisa, wenye kung'aa kidogo kama chuma. Mabawa yenye rangi ya kutu, sawasawa na bati la zamani. Miguu mirefu yenye miiba midogo. Alikuwa akirudi nyumanyuma, akikokota buibui mwenye manyoya, na buibui yule alikuwa munene kumupita yeye mwenyewe. Anavuta, anaacha, anazunguka mbio kutazama njia, anatingisha mabawa, anarudi, anashika tena muguu wa buibui na kuvuta. Wale watu wote waliosimama juu yake, hakuwajali hata kidogo.

Kijana mumoja akatoa telefone yake. "Mama, niliona picha yake. Huyu ndiye mavu muuaji. Anaua watu." Mara duara likapanuka, kila mutu akarudi nyuma.

Nikawaambia: fagio chini, kiatu muguuni. Mutu anayesoma uuguzi hapigi kitu asichokijua; kwanza anatazama. Nikamwomba kijana yule anionyeshe picha, nasi tukalinganisha. Hii ndiyo kazi tuliyofanya, na ninataka kuifanya pamoja na ninyi leo, kwa maana tangu siku ile watu wananiletea wadudu ndani ya chupa karibu kila juma, na swali lao ni moja tu: "Huyu anaua?"

Picha ya telefone ilikuwa picha ya kweli. Mavu yule mukubwa yuko. Ni wa Asia: Japani, China, Korea. Ana kichwa kinene chenye rangi ya machungwa, na tumbo lenye mistari. Anakaa na wenzake wengi katika shimo chini ya udongo, na kule Japani watu wanakufa kwa kuumwa na mavu. Mwaka wa 2019 alionekana hata Marekani, katika jimbo la Washington karibu na mpaka wa Kanada. Wakamtafuta kiota kwa kiota, na mwezi wa 12 wa mwaka wa 2024 wakatangaza kwamba wamemumaliza. Lakini katika misitu na milima yetu ya Congo hayuko. Picha inaweza kusafiri kutoka Japani mpaka Ituri kwa dakika moja. Mududu mwenyewe hasafiri namna ile.

Sasa tulinganishe. Wa picha ana mistari. Wa kwetu ni mweusi bila mustari. Wa picha anakaa na jeshi la wenzake. Wa kwetu alikuwa peke yake. Wa picha anakamata nyuki na wadudu wengine, anawakatakata vipande na kupeleka nyama nyumbani kwa watoto. Wa kwetu alikuwa akivuta buibui muzima, bila kumukata hata muguu mumoja. Kwa hiyo tulimutambua kwa kazi yake: huyu ni nyigu mwindaji wa buibui. Wako wa namna nyingi, wadogo na wakubwa, na huyu mwenye mabawa ya kutu ni wa wale wakubwa sana.

Niwaambie kidogo desturi yake, kwa sababu mimi mwenyewe niliposoma habari hii sikulala mbio. Yule anayewinda ni mama. Anamutafuta buibui mpaka shimoni kwake, wanapigana, naye anamuchoma mwiba upande wa chini, pale miguu inapoungana na mwili. Buibui hafi. Anapooza tu, kama mutu aliyepigwa sindano ya kufisha ganzi mwili wote. Mama anamukokota mpaka shimoni, anataga yai moja juu ya tumbo lake, anafunga shimo kwa udongo, na kwenda zake. Yai linapasuka, mutoto anaanza kula buibui yule angali hai, naye anaacha sehemu za lazima za uzima mpaka mwisho, ili nyama isioze. Wanafunzi wangu walisema ni ukatili. Pengine. Lakini mama aliyekosa friji afanye nini?

Mumoja akauliza: "Basi anauma mutu ao haumi?" Ni swali la haki. Anauma. Ukimukamata kwa mukono, ukimukanyaga bila kiatu, ao akiingia ndani ya nguo yako, atakuchoma, na utalia. Kulikuwa na mutaalamu mumoja wa Marekani, Justin Schmidt, aliyekufa mwaka wa 2023. Yeye alichomwa na wadudu wa namna nyingi sana katika kazi yake, akaandika kipimo cha maumivu kutoka 1 mpaka 4. Nyuki wetu wa asali alimupa 2. Ndugu wa mududu wetu, yule mwindaji wa buibui wakubwa wa Amerika, alimupa 4, kipimo cha juu kabisa. Maumivu yenyewe yanakaa dakika chache tu, kisha yanapungua.

Hapa nawaomba muniangalie vizuri. Huyu wa kipimo cha 4 ni mara chache sana kusikia ameua mutu. Yule wa kipimo cha 2, nyuki wa kila siku, ndiye anayeleta maiti. Maumivu na hatari si mapacha. Ukubwa na hatari pia si mapacha. Mududu mukubwa anayetembea peke yake hana kitu cha kulinda isipokuwa uzima wake mwenyewe, na akiona njia ya kukimbia atakimbia. Nyuki ana asali na watoto maelfu nyumbani, na dada zake wote wako tayari kufa kwa ajili yao.

Kwa hiyo mukiniletea mududu, siulizi kwanza ni mukubwa namna gani. Nauliza: mulimwona wapi, alikuwa anafanya nini, alikuwa peke yake ao na wenzake, na nyumba yake ni ya namna gani? Mara nyingi nyumba inasema zaidi kuliko mwili.

Twende kwa chupa zenyewe. Ya kwanza aliileta mama mumoja aliyeogopa kulala ndani ya chumba chake. Mududu mweusi, miguu yenye manjano, na kiuno chembamba kama uzi, mpaka unajiuliza namna gani chakula kinapita. Anajenga kwa udongo juu ya ukuta, nyuma ya picha, hata ndani ya koti lililotundikwa siku nyingi. Wengi wenu munajua bonge lile la udongo. Livunjeni siku moja mutazame: ndani kuna vyumba vidogo, na kila chumba kimejazwa buibui wadogo waliopooza. Naye ni mwindaji wa buibui, lakini wa jamaa nyingine. Halindi nyumba yake. Ukiivunja, hatakufuata. Nilimwambia mama yule arudi alale.

Kisha kijana wa shule ya msingi akaleta mumoja wa kutisha kweli, mweusi, munene, na mbele ya kichwa pembe mbili ndefu zilizopindika kama za nyati. Kila mutu katika biro alisimama. Huyu naye anajenga kwa udongo, na mama wa kabila lake anawalisha watoto viwavi. Lakini wenye pembe kubwa namna ile ni waume, na hapa kuna jambo munalopaswa kushika: mwiba wa nyuki na wa nyigu ni chombo cha kutagia mayai kilichogeuka kuwa silaha. Basi mume hana. Hakuna nyuki mume anayechoma, wala nyigu mume. Yule mwenye pembe aliyetutisha sisi sote hakuweza kumuchoma hata mutoto mudogo. Pembe zake ni za kupigania wake na waume wenzake. Wababa walicheka sana niliposema vile, sijui kwa nini.

Chupa nyingine ilikuwa na mududu mwenye mukia murefu kama nywele tatu, na watu walisema ni mukuki wa sumu. Ule ni mupira wa kutagia mayai ndani ya viwavi ao ndani ya muti. Wengi wa kabila lile hawana shida na mutu. Nyingine ilikuwa na yule nyuki mweusi munene anayetoboa mbao za nyumba na kuacha unga wa mbao chini. Mwachilieni, isipokuwa anakula nguzo yenu. Maua ya marakuja yanamuhitaji sana. Na mara mbili nililetewa inzi. Ndiyo, inzi! Wako inzi wanaovaa nguo ya nyigu, mistari na kila kitu, ili ndege wawaogope. Hesabuni mabawa: nyigu na nyuki wana mane, inzi ana mawili tu, na macho yake yanajaza kichwa chote. (Mabawa mane ya nyigu yanashikana yakiruka, kwa hiyo ngojeni atue, ao mutazame aliyekufa.)

Sasa wale ninaotaka muwaogope kwa akili. Ni wawili. Mumoja ni nyigu mwembamba wa rangi ya udongo mwekundu, kiuno kirefu, miguu inaning'inia akiruka, ambaye anajenga nyumba kama ya karatasi chini ya ukingo wa paa, ao katika muti wa kahawa ao wa malimau. Nyumba yake inaning'inia kwa kikonyo kimoja, matundu yake wazi bila kifuniko. Wanakaa pamoja, pengine wachache, pengine makumi, nao wanalinda. Mwiba wao hauna miiba ya kurudi nyuma, kwa hiyo mumoja anaweza kuchoma mara nyingi. Mukulima anayevuna kahawa anagusa tawi, basi, wanamushukia usoni. Wa pili ni nyuki wenyewe, katika muzinga, katika shimo la muti, katika ukuta wa kanisa, ao kundi linalopumzika juu ya tawi.

Kwa ufupi wa kukumbuka njiani: udongo ao shimo la peke yake, mara nyingi ni mama mumoja; pita taratibu. Karatasi ao asali, ni jeshi. Zunguka mbali, na uwakataze watoto mawe.

Nitasema sasa jambo ambalo si rahisi kwangu kulisema. Zamani, nilipokuwa mwuguzi kijana katika kituo kimoja cha afya, waliniletea mutu muzima aliyechomwa mara moja tu shingoni alipokuwa akikata nyasi. Kumbe walichelewa kumuleta kwa sababu walitafuta kwanza mududu ndani ya nyasi. Walimupata, wakamuweka ndani ya chupa, na mutu wa kwanza aliyeingia mulangoni alinipa chupa. Nami nikaipokea! Nikaenda nayo dirishani, kwenye mwanga, nikageuza, nikatazama mabawa, nikasema kwa sauti ya mutu aliyesoma: "Huyu ni nyigu wa kawaida, si kitu." Nyuma yangu mugonjwa alikuwa anajikuna viganja vya mikono. Alitapika. Nikasema ni hofu. Nilipogeuka mara ya pili alikuwa amelala chini, midomo imevimba, pumzi inalia kama filimbi. Adrenalini ilikuwa ndani ya kabati, kabati limefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda soko. Mwuguzi mwenzangu mwanaume alivunja kufuli kwa jiwe. Mutu yule aliishi. Ni lile jiwe lililomuponya, si elimu yangu ya mabawa.

Kwa hiyo kila somo langu juu ya kutambua wadudu linagawanyika pale mwiba unapoingia. Kabla ya mwiba, tazama mududu. Baada ya mwiba, acha mududu, tazama mutu. Sumu ya nyigu ya kawaida na ya nyigu wa ajabu, msaada wake wa kwanza ni mumoja. Jina la mududu halibadilishi sindano.

Tumutazame basi mutu. Watu wengi wanapata maumivu, wekundu na uvimbe pale walipochomwa, na ni yote. Kama ni nyuki, mwiba wake unabaki ndani ya ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko kile kinaendelea kusukuma sumu. Kiondoeni mbio. Kwa miaka mingi nilifundisha, kama nilivyofundishwa, kwamba ni mwiko kuushika kwa vidole, lazima kuukwangua kwa kisu ao kwa kucha. Lakini mwaka wa 1996 wataalamu wa Marekani walijaribu juu ya mikono yao wenyewe wakaona kwamba namna ya kuondoa si neno kubwa; neno kubwa ni kutochelewa. Mutu anayetafuta kisu amekwisha kupokea sumu. Vidole, kucha, upindo wa kitambaa, chochote kilicho karibu.

Kisha osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa chenye maji ya baridi. Vua pete na bangili mbele vidole havijavimba. Parasetamoli inasaidia maumivu. Uvimbe unaweza kuongezeka siku ya pili, mukono mwote ukawa kama mukate, na bado si vidonda vilivyooza. Unapungua wenyewe kwa siku chache. Wengi wananidai sindano ya peniselini siku ile. Peniselini si dawa ya sumu ya nyigu. Serumu ya nyoka vilevile haina kazi hapa. Kuchanja kwa wembe, kufunga kamba, kupaka mafuta ya gari, kuweka jiwe jeusi: musipoteze wakati kwa vitu hivi, na wembe unaleta ugonjwa mwingine juu.

Lakini ziko alama nyingine, na hizi zinaweza kuanza kwa dakika chache, mara nyingi mbele ya saa moja kupita. Vipele vya kuwasha mwili mwote, mbali na pale alipochomwa. Midomo, ulimi ao macho kuvimba. Sauti kukauka, koo kubana, pumzi kulia. Kutapika na tumbo kuuma. Kizunguzungu, jasho la baridi, kuanguka. Mutu wa namna hii anaweza kufa kwa mwiba mumoja, hata wa mududu mudogo kabisa. Mulazeni chini, muinue miguu yake. Kama anashindwa kupumua, aketi akiegemea, lakini asisimame wala asitembee. Musimupandishe pikipiki akiwa ameketi wima kama anazimia. Tafuteni machela, kitanda, watu wane wenye nguvu. Mumoja atangulie mbio kuita mwuguzi.

Ninyi wauguzi, dawa ya kwanza ni adrenalini, si ya tatu. Inapigwa katika musuli wa paja, upande wa nje. Ile ya milligramu 1 kwa mililita 1: mutu muzima nusu mililita, mutoto wa miaka 6 mpaka 12, mililita 0,3, mudogo kuliko hapo, 0,15. Asipopata nafuu kwa dakika tano, rudia. Dawa za kuwasha na dekzametazoni zinaweza kufuata, lakini hazishiki nafasi yake, na mutu akipigwa zile peke yake mbele ya macho yenu amenyimwa dawa. Baada ya kupona abaki chini ya macho yenu saa nyingi, kwa maana alama zinaweza kurudi. Na adrenalini isifungiwe. Andikeni mahali pake juu ya ukuta, ili hata mufagiaji ajue.

Jambo la pili ni wingi. Kundi la nyuki likimushika mutu, hata asiye na shida ya vipele anaweza kufa kwa sumu yenyewe. Inakadiriwa kwamba mutu muzima mwenye nguvu anaweza kuvumilia miiba zaidi ya 1000, lakini karibu 500 inaweza kuua mutoto. Kwa muzee ao mugonjwa wa moyo ni chini zaidi. Nyuki wakianza, kimbia. Funika uso na kichwa kwa nguo, usipige mikono, usisimame kuwaua, kwa maana nyuki aliyepondwa anatoa harufu inayowaita wengine. Ingia ndani ya nyumba ufunge mulango. Usiruke mutoni: watangoja juu ya maji, na utatoka kuvuta pumzi. Wanaweza kukufuata mamia ya metre, kwa hiyo usichoke mapema. Mutu aliyechomwa miiba mingi aje hospitali hata akijisikia vizuri. Siku ile ao siku zinazofuata mukojo wake unaweza kugeuka mweusi kama chai, na hiyo ni alama kwamba misuli na damu vimeharibika na figo ziko hatarini.

Aje pia aliyechomwa ndani ya mudomo ao kooni. Hii inatokea kwa kunywa: nyuki anaingia ndani ya chupa ya soda ao kikombe cha mawese, na munywaji hatazami. Wanaokunywa gizani, mumesikia. Na aliyechomwa ndani ya jicho asipakwe kitu, aletwe.

Wengi wataniuliza juu ya kuwaondoa. Bonge la udongo, likwangue tu kwa jembe kama linakuudhi. Nyumba ya karatasi mbali na njia, iacheni. Nyigu wale wanakula viwavi wa shamba lenu. Ikiwa juu ya mulango wa darasa, mutu muzima asiyekuwa na shida ya vipele aiondoe usiku, akiwa amejifunika vizuri, watoto wakiwa mbali. Si kwa petroli na kiberiti chini ya nyasi za paa! Nimefunga vidonda vya moto vilivyotoka kwa vita vya nyigu, na vile havifanani na uvimbe wa siku mbili. Nyuki, mwiteni mwenye mizinga. Atapata asali, nanyi mutapata usingizi.

Naona mwuguzi amefungua mulango, kadi za kwanza zitaitwa. Nimalize habari ya kiwanja chetu. Tulimuacha yule mama mweusi aendelee na kazi. Alimuvuta buibui wake chini ya kamba ya nguo, kando ya jiwe la kufulia, mpaka kwenye shimo chini ya ukuta. Akamuingiza, akakaa ndani muda, akatoka, akafunga kwa udongo na kuupigapiga kwa tumbo. Wanafunzi, wale waliokuwa na fagio, waliweka mawe mane kuzunguka pale ili mutu asikanyage. Wanakwenda kutazama kila asubui. Mimi pia, wakiwa darasani.

Na chupa zenu muzilete Jumanne, si siku nyingine, nazo zifungwe sawasawa. Ile ya juma lililopita ilifunguka ndani ya biro, na mududu hajapatikana bado.